Kuuguza Bila Kuuza Nyumba: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Makorora, Tanga

Kisa hiki kinahusu familia moja ya Makorora, jijini Tanga, iliyomuuguza baba kati ya mwaka 2022 na 2023, na ambayo ilikaribia kabisa kupoteza nyumba yake ya pekee kabla mgonjwa mwenyewe hajafariki. Mimi ni msaidizi wa kisheria, na niliitwa na binti wa familia hiyo wakati karatasi moja mbaya ilikuwa imeshasainiwa. Kwa makubaliano nao sitaji majina, na mambo machache yanayoweza kuwatambulisha nimeyabadilisha. Nimeamua kukiandika kwa urefu kwa sababu watu wengi wanapozungumzia nyumba iliyoliwa na ugonjwa huwaza hospitali ikija na dalali wa mahakama. Katika kisa hiki hospitali haikuigusa nyumba hata mara moja. Nyumba ilikuwa ikitolewa na watoto wenyewe, kwa mapenzi na kwa haraka, na mlango iliotaka kutokea ulikuwa sahihi zao.

Mzee alikuwa mstaafu wa bandari mwenye umri wa miaka 74. Kiwanja alikipata mwaka 1984 kwa barua ya toleo, ile ambayo wengi huiita ofa, akajenga kidogo kidogo nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita yenye ukumbi katikati, kisha banda la uani la vyumba viwili. Hati hakuwahi kuifuatilia. Alichokuwa nacho ni ile ofa iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na risiti za kodi ya ardhi. Mke wa kwanza alifariki akaacha binti mmoja, ambaye ameolewa Pangani. Kwa mke wa pili, ambaye ndiye mama wa nyumba katika kisa hiki, alipata watoto wanne: kijana mkubwa anayeishi Marekani, binti ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, kijana wa kiume anayeendesha bajaji na kuishi pale pale nyumbani, na binti mdogo aliyeolewa Muheza. Vyumba vinne vilikuwa na wapangaji, kila kimoja kwa shilingi 25,000 kwa mwezi.

Sukari aliyoishi nayo kwa miaka mingi ilimharibu figo, na daktari akaeleza kwamba damu lazima isafishwe kwa mashine mara 3 kwa wiki. Hospitali binafsi waliyoifikia kwanza iliwatajia shilingi 200,000 kwa kila awamu. Mwezi wenye awamu 13 ni shilingi 2,600,000, bila kuhesabu dawa, sindano za kuongeza damu, chakula maalumu na nauli. Kodi ya wapangaji wote wanne kwa mwezi mzima ilikuwa shilingi 100,000, yaani nusu ya awamu moja. Hesabu hizi zikikaa kwenye karatasi moja, mtu huelewa kwa nini hata mwana mwenye busara anaanza kuitazama nyumba kama fedha zilizolala.

Jambo la kwanza walilojaribu lilikuwa msamaha. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawataja wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo kuwa miongoni mwa wanaostahili kutibiwa bila malipo katika vituo vya umma, na anayepima uwezo huo ni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Binti wa Muheza alipokwenda kuuliza, swali la uwezo lilijibiwa na nyumba: mtu mwenye vyumba vinane na wapangaji hawezi kuitwa asiye na uwezo. Sikubaliani na kipimo hicho. Nyumba ambayo wazee wawili wanalala ndani yake, na ambayo kodi yake ndiyo inayonunua unga, haimpi mgonjwa uwezo wowote wa kulipa milioni mbili na laki sita kwa mwezi, isipokuwa kwa kumwondoa mkewe chini ya paa. Hata hivyo jibu ndilo hilo walilopewa, na wakarudi nyumbani wakiamini kwamba serikali yenyewe imewaambia wauze.

Wakati huo huo dawa ya tatizo ilikuwa ndani ya familia na hakuna aliyeiona. Yule mwalimu ni mtumishi wa umma, na kila mwezi asilimia 3 ya mshahara wake hukatwa, mwajiri huongeza asilimia 3, na fedha hiyo huenda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Uanachama wa namna hiyo humhudumia mwanachama, mwenza wake na wategemezi hadi 4, na wazazi wa mwanachama wanaruhusiwa kuwa miongoni mwao. Yeye alikuwa amewaandikisha watoto wake wawili tu, akidhani nafasi zilizobaki zinangoja watoto wengine. Nafasi mbili zilikaa wazi kwa miaka yote ambayo sukari ilikuwa ikimmaliza baba yake polepole. Simlaumu, kwa maana nimekutana na walimu na wauguzi wengi wa aina yake, na ndiyo maana kila ninapozungumza na mtumishi wa umma mwenye wazazi hai swali langu la kwanza ni nani yumo kwenye kadi.

Alipokwenda kumwandikisha baba, alitakiwa kuonyesha cheti chake cha kuzaliwa ili kuthibitisha uzazi. Cheti kiliandika jina la baba likiishia na herufi “i”, na kitambulisho cha taifa cha mzee kikaandika jina hilo hilo likiishia na “y”. Herufi hiyo moja ilihitaji kiapo mbele ya kamishna wa viapo, barua ya serikali ya mtaa, na kwenda na kurudi ambako kulimaliza karibu wiki sita. Ndani ya wiki hizo mashine haikusubiri, kila awamu ililipwa taslimu, na ndizo wiki zilizozaa yote yanayofuata.

Wazo la kwanza lilitoka Marekani. Kaka mkubwa anafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee huko, na alipiga simu akisisitiza kwamba nyumba ihamishiwe haraka kwenye jina lake kabla hospitali haijaichukua. Hakuwa na tamaa. Alikuwa akizungumza kutokana na yale aliyoyaona kazini. Kule Marekani kuna Medicaid, mpango wa serikali kuu na majimbo unaowalipia matibabu na malezi watu wenye kipato kidogo, na tangu sheria ya mwaka 1993 kila jimbo linatakiwa kudai kutoka kwenye mali iliyoachwa na marehemu gharama za malezi ya muda mrefu alizolipiwa baada ya kufikisha miaka 55. Anayeomba kulipiwa malezi hayo huchunguzwa mali alizogawa katika miezi 60 iliyotangulia, na ndiyo sababu familia za huko hufikiria kuhamisha nyumba miaka mingi mapema. Nilipoitwa baadaye nilimweleza kwa simu, kwa heshima, kwamba hata kwao dai hilo halitekelezwi wakati mjane yungali hai, na kwamba hapa Tanzania hakuna sheria ya namna hiyo. Hospitali inayomdai mgonjwa hapa ni mdai kama wadai wengine: inadai mwenyewe akiwa hai, na akifa inadai mirathi kupitia msimamizi. Haina njia ya mkato ya kuingia kwenye nyumba.

Kulikuwa na hatari nyingine ambayo kaka hakuiwaza. Alikuwa amechukua uraia wa Marekani, na kwa kuwa Tanzania haikubali uraia pacha kwa mtu mzima, alikuwa ameshapoteza uraia wa hapa. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, kama kilivyosimama wakati huo, hakimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Nyumba ya mama yake ingehamishiwa kwa mtu ambaye sheria haimtambui kama mmiliki, na siku ambayo jirani au ndugu angetaka ugomvi, silaha angeikuta mezani. Zaidi ya hayo, binti wa Pangani alikuwa hajaambiwa neno.

Wazo hilo halikutekelezwa. Kaka akatuma alichokuwa nacho, lakini hakikufika kwa wakati. Hapo ndipo kijana wa bajaji alipompata mkopeshaji.

Mikopo ya aina hii mtaani huitwa kausha damu, na anayeikopesha kihalali anatakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Huyu hakuonyesha leseni yoyote. Alikubali kutoa shilingi 5,000,000 zirudishwe 7,000,000 baada ya miezi mitatu, lakini hakutaka mkataba wa mkopo. Alileta karatasi iliyokwisha kupigwa chapa yenye kichwa “Mkataba wa Mauziano ya Nyumba”, inayosema kwamba mzee ameiuza nyumba yake ya Makorora kwa shilingi 7,000,000 na amepokea fedha zote. Neno mkopo halikuwemo hata mara moja, wala tarehe ya kurudisha. Ahadi ya kuichana karatasi hiyo siku deni litakapolipwa ilikuwa ya mdomo. Majirani wanaojua bei za eneo hilo walinikadiria kwamba nyumba ile haiwezi kuuzwa chini ya shilingi 60,000,000.

Alikuja jioni ya siku ya mashine, saa ambazo mgonjwa wa figo huwa hoi, hawezi hata kushika kikombe. Mzee alikuwa amelala ukumbini. Kijana alimwinua mkono, akabonyeza dole gumba kwenye kidau cha wino na kulishusha kwenye karatasi. Alama ikatoka nusu, wakarudia, na ndiyo maana nakala niliyoiona ina alama mbili za dole zilizopandana. Kisha mama akaitwa kutoka uani na kuambiwa asaini chini kama shahidi. Mama anajua kusoma, lakini miwani ilikuwa chumbani na hakuna aliyemsubiri aifuate. “Mwanangu,” aliniambia baadaye, “mimi niliambiwa ni karatasi ya dawa za baba yenu.” Kesho yake mwenyekiti wa mtaa aligonga mhuri, na ile ofa ya mwaka 1984 ikaondoka na mkopeshaji.

Karatasi ile ilikuwa na kasoro nyingi. Sheria ya Mikataba inamtaka anayeingia mkataba awe na akili timamu ya kuelewa anachokifanya na kupima athari zake kwake mwenyewe, na mtu ambaye sumu ya figo na uchovu wa mashine vimemwelemea hadi anainuliwa mkono na mwanawe hayuko katika hali hiyo. Mhuri wa mwenyekiti wa mtaa hauhamishi umiliki wa kiwanja kilichopimwa mjini, haijalishi wino wake umekolea kiasi gani. Na bei ya milioni saba kwa nyumba ya milioni sitini ni ushahidi unaojisemea kwamba hapakuwa na mauziano.

Kasoro niliyoiona kuwa nzito kuliko zote, hata hivyo, ni ya mama. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema kwamba mume au mke anayemiliki nyumba ya ndoa hawezi, ndoa ikiwa ipo, kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, na kwamba mwenzake huyo anahesabiwa kuwa na maslahi katika nyumba hiyo ambayo yanaweza kulindwa kwa kuweka zuio. Watu wengi hudhani ulinzi huu ni wa siku ya talaka. Ni wa siku ya ugonjwa vilevile, na pengine zaidi, kwa kuwa siku ya talaka mke anajua kwamba anapigania haki, ilhali siku ya ugonjwa anaombwa aiachie haki yake kwa jina la mapenzi. Sahihi ya shahidi inathibitisha kwamba mtu aliona wengine wakisaini. Haisemi kwamba yeye ameridhia nyumba yake iondoke. Mkopeshaji aliyemwita mke wa mtu asaini kama shahidi alijua tofauti hiyo, au alipaswa kuijua.

Pamoja na kasoro zote hizo sikuwashauri wangoje mahakamani. Kesi nzuri na nyumba iliyo salama ni vitu viwili tofauti, hasa pale ambapo ofa halisi iko mfukoni mwa mtu anayeweza kumwonyesha mnunuzi wa tatu. Siku ile ile mama aliandika barua kwa ofisi ya ardhi ya Halmashauri ya Jiji, ikagongwa mhuri wa kupokelewa na kuwekwa kwenye jalada la kiwanja, akieleza kwamba yeye ni mke, anaishi ndani ya nyumba hiyo, na hajaridhia mauziano yoyote. Karatasi hiyo moja ilimfungia mkopeshaji njia ya kuuza kimyakimya. Kisha tukapeleka malalamiko Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 baraza hilo halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, na usipopatikana muafaka ndipo shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wengi wanaona ni kupoteza muda. Hapa lilisaidia, kwa sababu mkopeshaji asiye na leseni hakutaka maswali ya leseni yafike mbali.

Muafaka ulikuwa kurudisha shilingi 5,000,000 alizotoa na shilingi 500,000 juu yake. Kaka alituma 3,000,000. Mwalimu alichukua 1,540,000 kwenye SACCOS yake, yaani ushirika wa akiba na mikopo. Zilizobaki, 960,000, zilitoka kwenye nyumba yenyewe bila kuiuza: chumba cha mbele kinachotazama barabara kilitobolewa mlango kikawa fremu ya duka, na mpangaji akalipa kodi ya mwaka mzima kwa shilingi 80,000 kwa mwezi, kwa mkataba ambao safari hii mama aliusaini kama mke anayeridhia, akiwa amevaa miwani. Fedha zilihesabiwa mbele ya baraza, ofa ikarudi, na nakala zote za ule mkataba zikaandikwa kwamba zimefutwa, zikasainiwa na pande zote kabla ya kuchanwa. Nilisisitiza maandishi ya kufuta kwa sababu karatasi iliyochanwa bila kufutwa inaweza kuwa na pacha wake nyumbani kwa mtu.

Sasa nifike kwenye swali ambalo ndilo lililokuwa likiumiza familia hii kuliko fedha. Binti wa Muheza alilisema wazi kikaoni, huku akilia: “Kwa hiyo tumwache baba afe kwa ajili ya matofali?” Sikuwa na haki ya kulijibu kwa vifungu vya sheria. Ni swali la haki kabisa, na mwana anayeliuliza hana ubaya wowote. Nilichoweza kusema ni kwamba kuna mtu mmoja ambaye hajaulizwa, naye amelala chumba cha pili.

Aliulizwa asubuhi ya siku isiyo ya mashine, akili ikiwa imetulia, mbele ya mkewe, watoto waliokuwepo, imamu wa msikiti wa jirani na muuguzi mmoja anayemfahamu. Alisema matibabu yaendelee maadamu bima inalipa, kwa kuwa wakati huo kadi ilikuwa tayari imetoka na mashine ilikuwa imeingia kwenye bima. Alisema nyumba asiuziwe mtu kwa ajili yake, kwa maana mama yao hana kwingine. Na alisema siku akichoka atasema mwenyewe, wasimkatalie. Maneno hayo yaliandikwa na kusomwa kwake mara mbili. Mabishano ya watoto yaliyokuwa yamechukua miezi yalikwisha siku hiyo, kwa sababu kila mmoja alikuwa akigombania uamuzi usio wake.

Katika kikao hicho mzee alitaka pia kumpa mkewe banda la uani kama hiba, yaani zawadi. Hapa inabidi kwenda taratibu. Kwa sheria ya Kiislamu, ambayo familia hii inaifuata katika mirathi, hiba ya mtu aliye katika maradhi ya mauti huchukuliwa kama wasia: haivuki theluthi moja ya mali, na haimfikii mrithi mpaka warithi wengine waridhie. Mke ni mrithi. Mtoto naye ni mrithi, na kwa hiyo hata ile hamisho ya haraka kwa kaka mkubwa ingegonga ukuta huu huu. Lakini mama hakuwa akisubiri zawadi. Bati na matofali ya banda lile vilinunuliwa kwa fedha za vitumbua alivyouza kwa miaka mingi karibu na lango la bandari, na Sheria ya Ardhi katika kifungu cha 161 inamtambua mwenza aliyechangia kwa nguvu zake kuendeleza ardhi iliyoandikwa jina la mwingine. Kwa hiyo mzee aliapa kiapo cha kukiri mchango huo. Wanazuoni wanatofautiana hata kuhusu kukiri kwa mgonjwa kwa faida ya mrithi wake, na ndiyo maana nilitaka watoto wote watano waridhie kwa maandishi, wa Marekani kwa barua na wa Pangani kwa kuja mwenyewe.

Binti wa Pangani alikuja. Alikaa jamvini kwa mama yake wa kambo, akamwamkia shikamoo, akasoma karatasi zote kabla ya kusaini. Familia nyingi humficha mtoto wa mama mwingine mambo kama haya, na hujikuta zinaonana naye mahakamani.

Mzee aliendelea na mashine hadi baada ya Idd el-Fitr ya mwaka 2023, ambapo moyo ulianza kushindwa. Alilazwa kwa dharura katika hospitali binafsi iliyokuwa karibu zaidi, na baadhi ya huduma hazikuwemo kwenye bima. Mwalimu alipewa fomu yenye sentensi ndogo chini: “Mimi mdhamini nitawajibika kulipa gharama zote.” Alinipigia simu kabla ya kusaini, na nafurahi kwamba alipiga. Mtoto harithi deni la mzazi wake. Deni ni la mgonjwa, na likibaki hulipwa na alichoacha. Anayeweka sahihi kama mdhamini, hata hivyo, anajitwika deni hilo yeye binafsi, mshahara wake na vyombo vyake, na hakuna msimamizi wa mirathi atakayemtoa hapo. Alilipa amana ya shilingi 300,000, akalikata neno mdhamini na kuandika “kwa niaba ya mgonjwa”, na hospitali ikakubali. Si kila hospitali itakubali, na saa mbili za usiku mgonjwa akihema kwa shida si saa ya kubishana sana. Lakini kuomba hakuzuiwi.

Baada ya siku chache mzee alisema amechoka. Madaktari walizungumza naye kwa upole, wakamweleza kitakachofuata mashine ikisimama, akasema ameelewa. Alirudishwa Makorora, na muuguzi wa huduma shufaa akawa anakuja kumpunguzia maumivu na kuhema kwa shida. Alifariki nyumbani.

Kwenye janaza mjomba alisimama kama ilivyo desturi, akatangaza kwamba mwenye kumdai marehemu awaone watoto wake. Ni desturi njema na ina msingi, kwa kuwa Kurani yenyewe, katika aya ya 11 ya Surat An-Nisaa, inaweka mgawanyo wa mirathi baada ya wasia na deni. Niliwaomba tu waongeze kwamba mwenye dai alilete na karatasi yake kwa msimamizi. Katika uchungu wa siku ile ni rahisi kijana kusimama na kusema madeni yote ya baba ameyabeba yeye, na wako wanaohudhuria maziko wakisubiri neno hilo.

Kikao cha ukoo kilimpendekeza mwalimu, na Mahakama ya Mwanzo ikamteua kuwa msimamizi wa mirathi. Alikuwa na miezi minne ya kurudisha orodha ya mali na hesabu, na aliirudisha kwa wakati kwa sababu alikuwa na daftari. Ndani yake kila shilingi iliyotolewa wakati wa kuuguza iliandikwa pamoja na jina la aliyetoa na neno moja mbele yake, ama mkopo ama sadaka. Hilo la neno moja ninalipigia debe kila ninapokwenda. Aliyemkopesha baba anadai mirathi kama mdai mwingine, aliyetoa sadaka hadai, na bila maandishi kila mtu hukumbuka kuwa alikopesha. Hospitali ilikuwa ikidai shilingi 1,850,000, na ikakubali kulipwa kidogo kidogo kutoka kwenye kodi ya wapangaji.

Mafungu yalitoka bila kubaki. Mke mwenye watoto hupata thumni, yaani moja ya nane, na saba ya nane zilizobaki zikagawanywa kwa wana wawili na mabinti watatu, mwana akichukua mara mbili ya binti: thumni moja kwa mama, thumni moja kwa kila binti, thumni mbili kwa kila mwana. Mwanamke aliyeishi ndani ya nyumba hiyo karibu miaka 40 angebaki, kwa hesabu ya fungu peke yake, na sehemu moja ya nane. Kwa kuwa watoto walikuwa wameshakubali kwa maandishi, banda la uani lilitengwa kwanza kama lake na halikuingia kwenye hesabu. Kaka mkubwa, ambaye kwa uraia wake asingeweza kuandikwa mmiliki, alijitoa kwenye mirathi kwa maandishi ili fungu lake liende kwa mama, naye ni mtu mzima mwenye afya ambaye hakuna anayeweza kutilia shaka uamuzi wake. Mama sasa ana thumni tatu za nyumba kubwa na banda lote.

Lililobaki ni thumni ya binti wa Pangani. Ana haki ya kuidai kwa fedha, na amesema anaihitaji, kwa kuwa ana watoto shuleni. Kwa sasa anapokea kodi ya fremu kila mwezi, kiasi ambacho kinakatwa kwenye thamani ya fungu lake kama ilivyokadiriwa na mthamini, na walioandikiana ni yeye, mama na ndugu zake watatu waliopo nchini. Mwalimu ameanza kufuatilia hati kwa kutumia ile ofa ya mwaka 1984, kwanza kwa jina lake kama msimamizi, kisha kwa majina ya warithi, jina la mama likitangulia.